Televisheni ya kijiji kimoja

Kila Videofreex wakitajwa, hakosekani mtu wa kusema kwamba hao ndio YouTube kabla ya YouTube. Nimeisikia sifa hiyo mara nyingi mno, na kila nikiisikia naona imeliruka jambo lenyewe.

Kwa asiyewajua, hiki ni kikundi kilichozaliwa New York mwaka 1969, baada ya David Cort na Parry Teasdale kukutana kwenye tamasha la Woodstock. Kila mmoja alikuja na kamera yake ya video, na wote wawili walikuwa wameupa mgongo muziki jukwaani, wanarekodi watu. Enzi hizo Sony walikuwa wametoa Portapak, kamera yenye mtambo wa kurekodia unaoning'inizwa begani. Picha haina rangi, mkanda ni wa nusu inchi, unazungushwa kwenye magurudumu mawili, na haupiti nusu saa kabla ya kwisha. Lakini ukishamrekodi mtu, unarudisha mkanda nyuma anajiona hapo hapo, hamjaachana bado. Filamu haikuweza hilo, kwani ilibidi ipelekwe kusafishwa kwanza.

Shirika la televisheni la CBS lilinusa fursa. Likawapa vijana wale fedha wazunguke Marekani na kutengeneza kipindi cha kizazi kipya. Wakamhoji Abbie Hoffman, mwanaharakati wa kupinga vita, wakaenda Chicago wakamrekodi Fred Hampton wa Black Panther, chama cha kupigania haki za Wamarekani weusi, aliyekuwa na miaka 21. Tarehe 4 Desemba mwaka huohuo polisi walimpiga risasi nyumbani kwake, akafa. Mkanda ukabaki, Hampton anaongea bila haraka. Wakubwa wa CBS walipoonyeshwa kazi nzima mwezi huo, waliikataa. Sishangai. Kusema kweli, sehemu kubwa ya kanda za Videofreex inachosha. Kamera inaganda, watu wanapiga soga, unasubiri jambo litokee na halitokei.

Kilichonivuta mimi ni walichofanya baadaye. Mwaka 1971 walihama mji, wakapanga nyumba kubwa ya zamani ya wageni yenye vyumba chungu nzima huko Lanesville, kijiji kilichojibana kati ya milima ya Catskill. Machi 1972 wakaanza kurusha matangazo ya televisheni bila leseni, kwa mtambo ulionunuliwa kwa fedha za Hoffman yuleyule. Masafa yake yaliishia kijijini. Waliendelea hadi 1977, na wao wenyewe walijigamba kwamba ndicho kituo kidogo kuliko vyote Marekani.

Hebu fikiria kituo ambacho mtangazaji anamjua kila mtazamaji kwa jina. Namba ya simu inatajwa hewani, jirani anapiga, anaongea moja kwa moja na aliye kwenye kioo. Watoto wa kijiji wanacheza kwenye kipindi cha Bart Friedman aliyejivika ucheshi wa mchunga ng'ombe. Nancy Cain alitengeneza mkanda uitwao Harriet, na anayeigiza ni mama wa hapohapo kijijini. Tunamwona na kazi zake za nyumbani zisizokwisha, kisha anafungasha, anaingia kwenye gari na kuondoka, redio juu, anaimba kwa raha zake. Anayeutazama ni jirani aliyekutana naye asubuhi. Huwezi kumtengenezea mtu picha ya dharau huku kesho unakwenda kumwomba koleo la theluji.

Ndiyo maana ule mfano wa YouTube haunikai. Leo mtu anamrekodi mama lishe stendi, anarusha mtandaoni, wanacheka watu laki mbili, na mama mwenyewe hana habari. Kamera tumerithi, tena nzuri kuliko zile kwa mbali. Kurudisha mkanda nyuma ili aliyerekodiwa ajione kwanza, hilo tumeliacha njiani.

Wapo watakaosema ilikuwa michezo ya vijana wa mjini waliokuja kujifunza ushamba, huku wakilipwa na ruzuku za sanaa za jimbo la New York. Kuna ukweli hapo. Ila miaka mitano ya kurusha matangazo kwa kaya chache, theluji kwa jua, si mzaha wa wikiendi.

Kanda zao, zaidi ya 1,500, sasa ziko Video Data Bank, hifadhi ya kazi za video huko Chicago. Mikanda ya zama hizo hunyonya unyevu ikawa na ulimbo, ukiicheza inaganda kwenye mashine na kujichuna, hivyo huna budi kuipasha joto dogo kwa saa nyingi ndipo uinakili. Ni kazi ya mtu mwenye subira, na bajeti.

Nami nina boksi langu chini ya kitanda, VHS tisa, moja ikiwa ya harusi ya dada yangu. Mwaka jana niliipeleka kwa fundi. Akaifungua, akanionyesha ukungu mweupe pembeni mwa mkanda, akapangusa kwa pamba, akaiweka. Tulipata kama sekunde kumi na mbili: shangazi yuko jikoni uani, anamfukuza mpiga video kwa mwiko huku anacheka. Halafu mistari.