Nyekundu ipi?

Ukiomba vitunguu vyekundu pale Mwanjelwa, Mbeya, utapimiwa vitunguu ambavyo mwalimu wa uchoraji angeviita vya zambarau. Maharage mekundu mengine yamekolea mpaka yanakaribia kahawia. Udongo wa Mufindi ni mwekundu, na noti ya elfu kumi ndiyo hiyo "wekundu". Sijaona mnunuzi akirudisha kitunguu eti rangi yake siyo.

Wapo wanaoona huo ni uvivu wa lugha. Kahawia ipo, hudhurungi ipo, kwa nini zilale kwenye kamusi? Wana hoja: tangazo la ng'ombe mwekundu aliyeibwa laweza kumhusu kila ng'ombe wa pili kijijini.

Ila nyekundu haikupata upana huo kwa bahati. Pamoja na nyeusi na nyeupe, hufuata nomino yake moja kwa moja: mbuzi mwekundu, kitambaa chekundu. Kijani, kijivu na kahawia zimeazima majina ya jani, jivu na kahawa, na bado zinasubiri kubebwa na "-a": kitambaa cha kijani. Watafiti wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walitoa hoja mwaka 1969 kwamba lugha yenye majina matatu tu ya msingi ya rangi huwa na hizo hizo tatu. Na watu wakihitaji kubagua, hawasubiri kamusi. Fundi cherehani ukimtajia damu ya mzee, hakuletei kitambaa cha rangi ya nyanya.

Ninapokubaliana na wakali ni kwenye kahawa. Kule Mbozi mkulima huambiwa achume nyekundu tu, na hapo neno ni daraja la ubora. Tunda lenye ubavu wa njano, mchumaji mwenye haraka atasema limeshakuwa jekundu. Likifika kwenye mashine ya kumenya, ganda linang'ang'ania, punje zinachubuka, na kikombe kinakuja na ukakasi. Lililopitiliza likaelekea weusi nalo huenda limeanza kuchacha. Cha kuchekesha, neno kahawia lililozaliwa na kahawa halina kazi yoyote hapo shambani.

Lenye kazi ni "pyu". Nyekundu pyu haina ubavu wa njano. Kiswahili kilikuwa nalo siku zote, kama tulivyo na nyeupe pe na nyeusi ti, na nadhani maofisa ugani wangelitumia zaidi badala ya kurudia "iliyoiva vizuri", maneno ambayo kila mtu anayapima kwa jicho lake. Huko Ilula, Iringa, kwenye nyanya, mambo ni kinyume: anayepakia za kupeleka Dar es Salaam anazikwepa zilizo nyekundu pyu, maana zitafika zimepondeka. Anataka zilizoanza kugeuka. Hakutaja rangi hata moja, na muuzaji ameshaanza kujaza tenga.