Kigingi Bila Mbuzi

Mpira wangu wa kwanza kunyooka tangu nianze gofu ulinyooka ukiwa unarudi. Kwenda, ulikwenda kombo kama kawaida yake. Kurudi, ukaja kama umepigiwa rula, ukanipata ugokoni, mguu wa kushoto, kiganja kimoja chini ya goti, nami bado nimesimama kwa madaha, fimbo iko begani, macho yanautafuta angani.

Nianze na ugonjwa wenyewe. Napiga kwa mkono wa kulia na mipira yangu ina slaisi: inaondoka vizuri kiasi cha kudanganya watu, kisha inapinda kulia na kupotelea vichakani. Chanzo chake si siri. Uso wa fimbo ukifika kwenye mpira ukiwa wazi (umegeukia kulia) kuliko njia ambayo kichwa cha fimbo kinapita, mpira unaanza safari karibu na kule uso unakotazama, halafu unapinda kuikimbia ile njia. Fimbo na mpira hugusana kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, ni kama nusu yake tu, kwa hiyo anayekuambia urekebishe uso wakati wa kugonga anakutania. Unarekebisha kabla: mshiko, mabega, na bega la kulia lisitangulie kutokea nje unaposhuka.

Vifaa vya kutibu suingi, yaani namna unavyozungusha fimbo, ni vingi. Kuna kigunia cha kujaza matambara, unakigonga ili viganja vijifunze kutangulia kichwa cha fimbo. Kuna pete kubwa ya bomba la plastiki ambayo fimbo inateleza juu yake ili isitoke kwenye mteremko wake. Kuna fimbo yenye bawaba katikati, ukikosea inakunjika kama kisu cha mfukoni. Kuna wavu. Mimi nikachagua mpira wa kamba, kwa sababu niliambiwa unajirudisha wenyewe, na mvivu wa kuokota mipira hawezi kusikia neno kama hilo akatulia. Ningelitafakari mara ya pili.

Chombo kina sehemu tatu: mpira, kamba na kigingi. Niliamua kukiunda mwenyewe.

Mpira wa gofu unaokubalika kwenye mashindano hauzidi gramu 45.93, na kipenyo chake hakipungui milimita 42.67. Wangu niliutoboa katikati kwa ncha ya drili ya milimita 4, ukiwa umebanwa kwenye jiliwa. Hapa pana adabu yake: toboa polepole, toa ncha kila baada ya muda ipoe, maana ndani ni mpira mgumu mtupu; ukipata moto unaing'ang'ania ncha, na jiliwa likilegea unaanza kuzunguka na drili ukitafuta vidole vyako. (Mipira ya zamani, ile ya kuzungushiwa nyuzi ndani, usiitie drili kabisa. Baadhi yake ina kiini cha majimaji yaliyobanwa, na yakipata tundu yanaruka usoni.) Nikapitisha kamba, nikapiga fundo la namba nane, nikatanguliza washa ndogo, kile kipete cha bati, ili fundo lisizame tunduni. Unapouweka chini, tundu lilale kwa kukingama: fundo likutazame wewe, kamba itokee upande wa pili. Fundo likikaa nyuma ya mpira, uso wa fimbo unagonga bati.

Sehemu hiyo niliifanya vizuri. Naitaja kwa kirefu kwa sababu ndiyo ya mwisho.

Kamba ilikuwa mita 2 za nailoni isiyovutika sana, zimeungwa na mita 3 za kamba ya mpira yenye ala ya kitambaa, ile ya kufungia mizigo. Kamba ya namna hii inarefuka karibu mara mbili, kisha ala inakaza ghafla na haiongezi hata kidole. Liweke akilini hilo. Jumla mpira unafika kama mita 8 kutoka kigingini. Na hapo pana jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti: mita 8 hazitoshi kuonyesha slaisi. Mpira haujapata muda wa kupinda. Unachoona ni uelekeo wa kuanzia tu, yaani uso ulikuwa unatazama wapi. Si haba, kwa sababu kwa wengi wetu uso ndiyo nusu ya kesi, lakini anayetarajia kuona mpira ukipinda uani kwake atasubiri sana. Nyoosha mstari wa chaki kuelekea shabaha, kisha angalia kamba inaondokea upande gani wa mstari. Hiyo ndiyo kazi ya chombo hiki, pamoja na kukuzoesha mwendo: kupandisha kuchukue kama mara tatu ya muda wa kushusha.

Sasa kigingi. Nilitumia cha hema, chuma cha mviringo, laini, sentimita 20. Nikakichomeka mita moja na nusu mbele ya mpira, juu ya mstari wa chaki kabisa, kwenye udongo niliokuwa nimeumwagia maji jana yake ili usinisumbue. Haukunisumbua. Kiliingia bila nyundo, kwa kisigino tu, nami nikaona huo ni ustadi. Kichwa chake nikakiinamisha kule kamba itakakovuta, nikidhani vitasaidiana.

Nikaanza na fimbo ya chuma namba 9, nusu suingi, viganja visipite kiuno. Pigo kumi za kwanza zilikuwa raha tupu. Mpira unaruka, kamba inavutika, mpira unarudi ukiburuzika majanini na kulala karibu na kigingi kama mbwa aliyechoka. Kila baada ya pigo mbili tatu kigingi kilikuwa kimechomoza kwa unene wa kidole, nami nakirudisha kwa kisigino.

"Baba, hicho kijiti kinatoka," mama watoto akasema kutoka kizingitini.

"Kinapumua," nikamjibu.

Pigo la kumi na moja nikashika chuma namba 7, suingi kamili. Waalimu wa gofu wana neno lao moja: ukimaliza suingi, ganda hapo hapo, uzito mguu wa mbele, kifungo cha mkanda kitazame shabaha, kisigino cha nyuma kiwe juu, usitikisike mpaka mpira utue. Ni ushauri mzuri sana. Aliyeutoa hakuwa na habari za mpira utakaotua kwako.

Nikaganda. Nilipendeza. Kisha ugoko ukalia "ko!"

Baadaye, mguu ukiwa kwenye beseni la maji baridi, nilipiga hesabu. Mpira wa gramu 45.93 ukiondoka kwa mita 45 kwa sekunde, ambayo si kasi ya ajabu kwa chuma namba 7, unabeba nguvu ya jouli 46 na ushei. Ni sawa na jiwe la karibu kilo 5 likidondoka kutoka mita moja. Kamba inakula fungu lake kwa joto, hewa inakula lake, kinachobaki kinarudishwa kwa mwenyewe. Lakini kilichoniuma zaidi ni ramani. Mpira unaonyooka unarudi juu ya mstari wa chaki, unapita kigingini na kwenda zake mbele ya vidole vya miguu yako bila kukugusa. Mpira ulioanzia kulia, mbali na mwili, unarudi kwa mshazari: chora mstari kutoka uliko mpira hadi kigingini, kisha uendeleze, utaona unaingia moja kwa moja kati ya miguu yako. Kwa maneno mengine, mtaalamu anaweza kusimama hapo siku nzima salama salimini. Anayepigwa ni yule yule aliyekwenda kutafuta tiba.

Mtu mwenye akili angefunga virago. Ila mama watoto alicheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, kilikuwa kile kidogo cha puani, ambacho ndicho kibaya. Nikachukua draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali.

Draiva na mpira wa kamba havipatani, na sababu ni rahisi. Mpira ukiwa juu ya tii, kile kijiti cha kuinulia mpira, uzito wa kamba unauvuta ukaanguka, hivyo inabidi uache kamba ikilegea chini na kuilaza pembeni kwa mkunjo mpana. Kamba iliyolegea haizuii mpira mpaka imalize ulegevu wote, na kwa draiva mpira unafika hapo ukiwa kwenye mita 60 kwa sekunde. Nguvu haiongezeki kwa theluthi kama kasi ilivyoongezeka. Inakaribia kuwa maradufu, kama jouli 83. Nailoni ikakaza. Kamba ya mpira ikavutika, ikafika mwisho wa ala yake, ikasema "tak". Yote ambayo kamba haikuweza kuyabeba yakashuka kigingini, na kigingi, ambacho asubuhi nzima kilikuwa kinapumua, kikachomoka kama jino la utoto.

Kitu ambacho sikukitarajia ni kwamba hakikurudi kwangu. Kilifuata mpira. Nilikiona kwa macho yangu: mpira mbele, kamba katikati, kigingi nyuma kinazunguka na kumetameta, msafara mzima unapanda juu ya ukuta kuelekea kwa jirani. Ikasikika "fyuu-fyuu-fyuu" ya kitu kinachojizungushia kwenye kamba ya nguo, ikafuata "pwata" ya shuka bichi, kisha kimya.

Wakati kimya hicho kinaendelea, niseme kigingi kilipaswa kukaaje. Kichwa kiinamie upande ulio kinyume na mvuto, ili kamba na kigingi vikutane kwa pembe mraba. Hapo anayevuta anapambana na udongo wote ulio mbele ya chuma. Mimi nilikiinamisha kufuata kamba, kwa hiyo kila pigo lilikuwa linakivuta kwa urefu wake, kama mtu anayechomoa msumari kwa subira. Udongo wenye maji ulisaidia, na ulaini wa chuma ulisaidia. Siku hizi natumia kigingi cha sentimita 40 chenye umbo la pembe, kwenye udongo mkavu, kwa nyundo, na kinabaki kichwa tu. Nimekisogeza sentimita 60 kutoka kwenye mstari wa chaki, upande wa mbali na mwili. Ukichora ile ramani tena utaona mpira uliopotoka unapita mbele ya vidole na kuishia nyuma yangu. Nimeongeza nailoni nikapunguza kamba ya mpira, maana nailoni hairudishi deni kama kamba ya mpira. Mpira ni wa sponji, uzito wake haufiki robo ya ule wa kweli. Draiva haikaribii hapo. Na nikishamaliza suingi naganda kwa kuhesabu moja, kisha natoka mbio.

(Kanuni za gofu zinakataza kufanya mazoezi ya suingi kwa vifaa vya namna hii katikati ya raundi. Zamani nilidhani katazo hilo ni kwa ajili ya haki. Sasa nadhani ni kwa ajili ya huruma.)

Lakini hayo ya kigingi kirefu yalikuja baadaye sana. Siku ile ilipigwa hodi.

Nilikuwa nimeshaketi kwenye kigoda, suruali imekunjwa hadi gotini, uvimbe umeshafika ukubwa wa mpira wenyewe. Mlangoni alikuwa mzee jirani, mtu wa makamo yake, mpole, amebeba mzigo mikononi kama anayerudisha mtoto aliyepotea: shuka bichi, ndani yake kamba, na kutoka kwenye kamba kinaning'inia kigingi. Mpira haukuonekana. Ulikuwa umejiviringisha katikati ya shuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kigingi hiki ni cha kwenu?"

"Ni cha kwetu, mzee."

"Na kamba?"

"Nayo."

Akaikagua kamba, akavuta ile sehemu ya mpira, ikarefuka, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu aliyewahi kufuga. Kisha akanyoosha shingo kutazama nyuma yangu, kushoto na kulia ya uwanja, mpaka nyuma ya tenki la maji.

"Kamba ya kuvutika haifai, mwanangu, atakusumbua kila siku. Ameingia wapi mbuzi mwenyewe?"

Mama watoto alikuwa anapita na beseni la pili la maji baridi. Hakusimama hata kusimama.

"Si huyo hapo, mzee. Kakalia kigoda."