Kazi Yoyote Tu Haimtoshi Aliyemaliza Kifungo

Mtu akimaliza kifungo, ushauri anaopewa mapema kuliko mwingine wowote ni kwamba asichague kazi. Mchagua jembe si mkulima, anaambiwa. Akipata cha kufanya ashukuru, hata kama ni kubeba mizigo kwa ujira wa siku, hata kama aliingia gerezani akiwa fundi umeme na akaongeza useremala humo ndani. Wengi wanaosema hivyo wana nia njema kabisa. Mimi napingana nao, kwa sababu ushauri huo humtaka mtu aishi bila kutazamia kesho, na asiyetazamia kesho hana cha kuogopa kukipoteza.

Sisemi kwamba wiki ya kwanza akae akisubiri kazi ya ndoto zake. Njaa haisubiri, na siku za mwanzo ndizo zenye hatari kubwa. Kuna shirika la New York, Center for Employment Opportunities, ambalo huwapa waliotoka gerezani kibarua cha muda karibu mara tu wanapobisha hodi. Watafiti walilipima kwa njia ya haki: watu waliojiandikisha mwaka 2004 na 2005 waligawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja likapewa vibarua hivyo, jingine likapata msaada mdogo wa kutafuta kazi. Waliofika pale ndani ya miezi 3 tangu kutoka gerezani walirudia makosa kwa kiwango kidogo kuliko wenzao wa kundi la pili. Hilo linatosha kuonyesha thamani ya kuwahi. Lakini upande wa ajira yenyewe, tofauti kubwa iliyoonekana mwanzoni ilififia mwaka wa kwanza ulipokuwa ukiisha. Kibarua kilipokwisha, wengi walibaki pale pale walipokuwa.

Kwangu mimi hapo ndipo penye somo. Kibarua kinamsaidia mtu kuvuka siku za mwanzo, ila peke yake hakimfikishi kwenye ajira. Mtu anahitaji kazi ambayo akiifanya mwaka mmoja atajua zaidi ya alivyojua mwanzo, mshahara wake unamwezesha kulipa kodi ya nyumba bila kukopa, na juu yake kuna ngazi nyingine anayoweza kuipanda.

Uingereza iko kampuni ya Timpson, inayotengeneza viatu na kuchonga funguo katika maduka yaliyotawanyika nchi nzima. Takriban mfanyakazi mmoja kati ya kila kumi wa kampuni hiyo amewahi kufungwa. Hawawekwi nyuma wasionekane. Wanasimama kaunta, wanapokea fedha, na wateja wanawakabidhi funguo za nyumba zao. Mafunzo yameanzia ndani ya magereza, kwa mashine za aina ile ile zilizoko dukani, na wapo waliopanda hadi kuwa wasimamizi wa maduka. Julai 2024, James Timpson, aliyekuwa mkurugenzi mtendaji wake, aliteuliwa kuwa waziri wa magereza wa nchi hiyo. Kinachonivutia zaidi ya uteuzi huo ni kwamba kampuni haikubuni kazi maalumu za wafungwa wa zamani. Iliwafungulia kazi zile zile za kila mtu, kwa masharti ya kupanda cheo yale yale.

Sasa tazama upande wa pili. Kwa miongo mingi, jimbo la California limekuwa likiwatumia wafungwa kuzima moto wa misituni. Wanaishi kambini, wanapata mafunzo, wanakata miti na kuchimba mikanda ya kuzuia moto usienee, bega kwa bega na wazimamoto wa kuajiriwa, kwa ujira ambao kwa miaka mingi ulikuwa wa dola chache tu kwa siku. Ni kazi ya hatari na ya heshima. Lakini walipotoka gerezani, wengi waligundua kwamba vikosi vya zimamoto mijini vinataka cheti cha huduma ya kwanza ya dharura, na kumbukumbu ya kosa iliwafungia mlango wa kupata cheti hicho kwa miaka mingi. Waliaminiwa kuokoa nyumba za watu wakiwa wafungwa, wakakataliwa kazi hiyo hiyo walipokuwa huru. Ilibidi isubiriwe sheria ya mwaka 2020 ili waombe mahakama iwafutie kumbukumbu hizo na hivyo wapate leseni. Hata hivyo kila mmoja lazima apeleke ombi lake, na hakimu anaweza kulikataa.

Nimekaa na mfano huu kwa sababu ndio unaonikasirisha kuliko mingine yote. Magereza mengi duniani yanafundisha ufundi: kunyoa, kushona, kuchomelea vyuma, umeme, mabomba. Ni vizuri. Lakini mtu mmoja anaamua nini kifundishwe ndani, na mtu mwingine, katika ofisi nyingine kabisa, anaamua nani apewe leseni nje, na wawili hao hawajawahi kukaa meza moja. Mfungwa anajifunza miaka mitatu kazi ambayo sheria haitamruhusu kuifanya. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zilizopewa jina la Nelson Mandela mwaka 2015, zinasema kazi ya gerezani, kadiri iwezekanavyo, idumishe au iongeze uwezo wa mtu kujipatia riziki halali baada ya kutoka. Zinataka pia anayetoka awe na nyaraka zake, mavazi yanayofaa, na makazi na kazi ya kwenda kuishika. Hili la nyaraka ni jepesi, halina sababu ya kukosewa. Bila kitambulisho hakuna akaunti ya benki, na bila akaunti waajiri wengi hawana namna ya kulipa. Likamilishwe kabla ya lango kufunguliwa, basi.

Tuje kwa mwajiri, maana hapo ndipo uamuzi unapofanyika. Mwaka 2003, mwanasosholojia Devah Pager alichapisha utafiti aliofanya Milwaukee, Marekani. Vijana wenye sifa zinazolingana waliomba kazi kwa waajiri 350, kila mmoja akijitambulisha kwa zamu kama aliyewahi kufungwa kwa kosa la dawa za kulevya au kama asiye na kosa. Miongoni mwa vijana Wazungu, asilimia 34 ya maombi yasiyo na kosa yaliitikiwa, na 17 tu ya yale yenye kosa. Kwa vijana Weusi ilikuwa 14 na 5. Soma tena hizo namba: Mzungu aliyefungwa aliitwa mara nyingi kuliko Mweusi ambaye hakuwahi kukanyaga gerezani.

Kampeni ya kukiondoa kwenye fomu kile kijisanduku cha kuuliza "umewahi kutiwa hatiani?" ilizaliwa kutokana na hali kama hiyo. Jimbo la Hawaii, Marekani, liliweka sheria mwaka 1998 kwamba mwajiri asiulize hadi awe amekubali kumwajiri mtu kwa masharti, na majimbo na miji mingi ikafuata. Naiunga mkono, lakini haitoshi, na kwa watu wengine imeuma. Watafiti Amanda Agan na Sonja Starr walituma maelfu ya maombi ya kazi ya kubuni katika New Jersey na New York kabla na baada ya sheria za namna hiyo. Kwa waajiri walioondoa swali, pengo la kuitikiwa kati ya waombaji Wazungu na Weusi lilipanda kutoka asilimia 7 hadi 43. Mwajiri asiyeruhusiwa kuuliza alianza kukisia, na ukisiaji wake ulifuata rangi ya ngozi. Kwa hiyo swali lichelewe, liulizwe uso kwa uso, na mtu apewe nafasi ya kueleza: kosa gani, lini, na amefanya nini tangu hapo.

Na kosa gani ni swali la haki. Sitamwambia mtu amweke aliyemdhuru mtoto kwenye shule, wala aliyeghushi hundi juzi kwenye dawati la malipo. Ila aliyepigana baa miaka tisa iliyopita ana uhusiano gani na kuendesha forklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo? Wataalamu wa takwimu za uhalifu, akiwemo Alfred Blumstein, wameonyesha kwamba kadiri miaka inavyopita bila kosa jipya, uwezekano wa mtu kukamatwa tena unashuka hadi kukaribia ule wa mtu yeyote wa umri wake. Kumhukumu kwa miaka yote iliyobaki ni kumwongezea adhabu ambayo jaji hakuitoa.

Hofu ya wizi nayo naielewa, hasa kwa mwenye biashara ndogo ambaye hasara moja inaweza kumfungia duka. Marekani imekuwa na dhamana maalumu ya serikali tangu 1966: anayemwajiri mtu mwenye rekodi hupewa bima dhidi ya wizi na udanganyifu kwa miezi 6 ya kwanza bila kulipa chochote. Sioni kwa nini serikali nyingine zisiige.

Yapo pia mambo yasiyohitaji sheria wala fedha. Aliye chini ya uangalizi lazima aripoti kwa ofisa wake siku fulani, na mara nyingi ni saa za kazi. Zamu ikigongana na siku hiyo, anachagua kati ya kibarua na uhuru wake. Msimamizi anayejua hilo anaweza kulipanga kwa dakika tano. Habari za kifungo zibaki kwa aliyemwajiri na msimamizi wake wa karibu, zisiwe mazungumzo ya saa ya chai. Fedha zikipotea, asiwe yeye wa kuitwa kwanza. Na akichelewa, akemewe kama mwingine anavyokemewa. Kuchelewa hakumfanyi awe amerudi kwenye uhalifu.

Waliokaa ndani miaka ishirini nao wanahitaji uvumilivu wa aina yake. Wanatoka wakikuta maombi ya kazi yako kwenye simu, ratiba ziko kwenye simu, hata hati ya mshahara iko kwenye simu. Mwenzao wa kazini anayekaa nao wiki moja kuwafundisha mambo hayo pasipo kuwacheka anaweza kuwafaa kuliko semina.

Kama una kampuni, hata ya watu kumi, pa kuanzia ni gerezani kwenyewe, miezi kadhaa kabla mtu hajatoka. Omba kibali kwa mkuu wa gereza, tazama karakana, zungumza na mwalimu wa ufundi, fanya usaili humo humo. Dai cheti kitolewe na bodi ile ile inayowapima mafundi wa nje, kisiwe na jina la gereza popote. Ukimpata anayekufaa, mwandikie barua yenye tarehe ya kuanza, cheo na mshahara, aipate wakati bado yuko ndani.