Komedi nayo tugawane kama dagaa

Filamu ya Twins niliiona kwenye kibanda umiza pale Mabatini, Mwanza, kiingilio shilingi 200, tumebanana kwenye mabenchi huku mtafsiri akimsemesha Arnold Schwarzenegger Kiswahili cha Temeke. Lile jibaba la misuli linaambiwa pacha wake ni Danny DeVito: mfupi, kipara, madeni kila kona. Banda zima hoi. Aliyeitengeneza hakuna aliyemuulizia.

Ni Ivan Reitman, mwongozaji na mtayarishaji aliyefariki Februari 2022. Alizaliwa Czechoslovakia mwaka 1946, wazazi wake Wayahudi walionusurika mauaji ya Wanazi, wakatoroka naye kwenda Canada akiwa bado mtoto. Ghostbusters ya 1984 ni kazi yake. Kwa hiyo ilipofika 1988, mwaka wa Twins, angetaja mshahara mnono na angepewa.

Hapo ndipo aliponikosha. Studio ilikuwa na wasiwasi: mtu tuliyemzoea na bunduki, nani atamcheka? Reitman na waigizaji wake wawili wakakubali kupiga kazi bila malipo ya mbele, wakatiwe fungu kwenye mapato. Filamu ikaingiza zaidi ya dola milioni 200 duniani. Schwarzenegger mwenyewe amesema hakuna filamu iliyompa hela kama ile.

Wasimulie wavuvi wa dagaa wa Igombe uone kama watashangaa. Boti ikirudi alfajiri na mzigo ukiuzwa, kwanza inatolewa petroli na chakula, tajiri mwenye boti anachukua fungu lake, kinachobaki wanagawana waliokesha majini. Usiku ukiwa mbovu, wote mikono mitupu, na petroli ya tajiri imeshaungua. Kugombana wanagombana, hasa kwenye hesabu ya petroli (daftari analo tajiri, unategemea nini?), lakini kila mtu anajua fungu lake kabla boti haijasukumwa.

Sisi wa vichekesho tunasukuma tu. Miaka michache iliyopita nilishika kamera siku tatu kwenye komedi iliyopigwa ufukweni Kirumba. Malipo yalikuwa nauli, chipsi mayai na "ikivuma tutakumbukana." Ikavuma. Mwigizaji wetu mkuu, aliyetumbukizwa ziwani mara sita mpaka shoti ikakubali, alikuja kuiona kwenye simu ya bodaboda aliyempakia. Nilipompigia mtayarishaji akaniuliza: chaneli yangu, kamera yangu, wewe unadai nini? Nilikosa jibu, maana hatukuandikishana hata mstari.

Wapo wanaosema chipukizi ashukuru kuonekana. Mimi sijawahi kuona duka linalouza unga kwa kuonekana. Kama hela ya mbele haipo, sawa, hata Reitman hakuichukua. Ila fungu litajwe.

Juzi kijana mmoja kanifuata, anataka tukapige komedi Luchelele, hela hana. Nikamuuliza fungu langu lipi. Akacheka, kisha akatoa daftari kwenye begi. Mstari wa kwanza akaandika petroli ya jenereta. Nikamwambia aandike na lita.