Jogoo asipowika, tuanzie kichwani au kwenye mishipa?

Ijumaa jioni, duka la dawa la mtaani. Mzee wa miaka hamsini na ushee anajifanya anasoma lebo ya dawa ya kikohozi mpaka wateja wengine waishe, kisha anainamia kaunta. "Kijana wangu, ile ya bluu ipo?" "Ipo, mzee." Kidonge kimoja kinakatwa kwenye pakiti na kufungwa kwenye karatasi. Hakuna aliyemuuliza presha.

Wapo wanaosema tatizo la nguvu za kiume liko kichwani: madeni, ugomvi wa ndani, picha za ngono kwenye simu, woga wa kuaibika. Wengine, hasa madaktari wa moyo na kisukari, wanasema angalia mishipa kwanza, na hao ndio tunaowasikiliza nusunusu, tukidhani wanataka kila mwanamume aitwe mgonjwa.

Neno "nguvu" limetupoteza. Uume ukiwa umelala, misuli laini ya ateri zake na ya sponji zake mbili imekaza. Kusimama ni kulegea kwa misuli hiyo. Ashiki ikipanda, neva na utando wa ndani wa mishipa hutoa gesi ya oksidi ya nitriki, gesi huamsha kemikali inayolegeza misuli, damu inajaa, na sponji zikivimba zinazibana vena kwenye gamba la nje hadi damu ikose pa kutokea. Baadaye kimeng'enya kiitwacho PDE5 huivunja kemikali ile, mambo yakatulia. Sildenafil, dawa iliyomo kwenye kile kidonge cha bluu, iliyoidhinishwa Marekani Machi 1998, humzuia mvunjaji huyo tu; gesi yenyewe haitengenezi. Utando ukishaliwa na sukari, presha au sigara, gesi hupungua na kidonge kinabaki na kidogo cha kulinda. (Hata hayo mavumbi ya kuongeza nguvu yanayouzwa barabarani na kuitwa ya asili: katika nchi nyingi dawa za namna hiyo zimekutwa zimechanganywa na sildenafil hiyohiyo.)

Sasa kuna hesabu moja ambayo hainiishi akilini. Ateri za uume zina upana wa milimita 1 hadi 2. Zinazolisha moyo, 3 hadi 4. Mafuta yanayoganda kwenye kuta za mishipa hayachagui kiungo, kwa hiyo ule mwembamba ndio utakaolalamika kwanza. Najua mshipa si bomba la plastiki, na utando huanza kuharibika kabla ya chochote kuziba. Lakini hilo linazidi kuipa hesabu uzito. Kwa wanaume wengi waliokuja kugundulika na ugonjwa wa moyo, jogoo alianza kusuasua miaka 2 hadi 5 kabla ya kifua kuuma. Hata ukichukua miwili tu, ni muda wa kuacha sigara, kupunguza kitambi na kuanza dawa ya presha. Sisi muda huo tunaumalizia kwenye kidonge kimojakimoja cha Ijumaa.

Wa upande wa kichwa nao hawabahatishi. Woga humwaga homoni za mshtuko, na homoni hizo hukaza misuli ileile iliyotakiwa kulegea. Kijana wa miaka 23 anayeamka asubuhi kila kitu kikiwa imara, ila anashindwa akiwa na mchumba, mishipa yake kwa kawaida haina neno; anahitaji mtu wa kuzungumza naye kuliko kipimo cha moyo. Tatizo ni pale maelezo ya kijana huyu anapobandikwa mzee wa kaunta. Mzee naye anaweza kuwa na woga, tena mwingi, lakini aghalabu umekuja baada ya mishipa kumwangusha mara mbili tatu.

Na kama anatumia dawa za nitreti za maumivu ya kifua, kidonge kile kinaweza kumshusha presha hadi kumuua. Mashine ya kupimia ilikuwa palepale kaunta, mpira wake umeviringishwa, juu yake pamewekwa daftari la madeni.