Si jini, ni kupanda mbio

Kila kaskazi, bahari ikitulia na vijana wakaanza kusaka kamba mawe kuanzia Kizingitini hadi Kiunga, pwani ya Lamu, maneno huwa yale yale: fulani kazama mzima, katoka miguu imekufa, basi kapigwa na jini. Anapelekwa kusomewa, saa zinapotea. Dua siikatai. Asomewe akiwa njiani kwenda hospitali.

Kinachomlemaza ni hewa. Mita 20 chini, hewa ya kompresa, mashine inayomsukumia mzamiaji hewa kwa mpira, ina shinikizo mara 3 ya ile ya juu. Mita 30, mara 4. Nitrojeni inaingia kwenye damu na mafuta ya mwili kimya kimya, na unavyokaa ndivyo inavyozidi. Ukipanda polepole inatoka kwa pumzi. Ukipanda mbio inafanya mapovu mwilini, na yakikaa kwenye uti wa mgongo, miguu imekwenda.

Mwendo usizidi mita 9 kwa dakika. Kutoka mita 18 ni dakika 2, kisha utulie kwenye mita 5 kwa dakika 3. Dakika 5, jamani, na miguu ya mtu! Wala usizuie pumzi ukipanda, mapafu hupasuka. Mbajuni wa zamani, na pweza wake kwenye fimbo wa kuwatoa kamba mapangoni, alizama kwa pumzi moja ya kifuani, hakuubeba mzigo huu.

Ni kweli, kamba wa kina kifupi wamepungua na kompresa inalisha nyumba. Lakini mzamio wa pili hauanzi sifuri: nitrojeni ya kwanza bado imo, na ya pili inaongezeka juu yake. Kwenye mashua zinahesabiwa kilo, hazihesabiwi dakika. Mwenye mashua anayenunua petroli kila asubuhi ana wajibu wa kuweka mtungi wa oksijeni humo.

Bomba la kompresa la kuvuta hewa liwe joshini, upepo unakotoka, mbali na moshi wa injini. Moshi ule humlaza mtu chini bila kumuonya.

Bega likiuma, ganzi ikiingia, mkojo ukikataa, hata saa kadhaa baadaye, mlaze chali, mpe oksijeni tupu. Msimrudishe majini eti apone huko. Chumba cha shinikizo, kinachoyabana mapovu hadi yaishe, kiko Mombasa, na akienda kwa ndege, rubani aambiwe kabla ya kuruka: asipite mita 300, maana juu zaidi mapovu yanakua.