"Uza timu!": mashabiki wa Detroit Pistons waliona nini ambacho uongozi haukukiona

Usiku wa tarehe 26 Desemba 2023 Cade Cunningham alifunga pointi 41, na 37 kati ya hizo zilikuja katika nusu ya pili, lakini Detroit Pistons wakafungwa nyumbani na Brooklyn Nets kwa 118 dhidi ya 112. Kilikuwa kipigo chao cha 27 mfululizo, na hakuna timu ya NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, iliyowahi kupoteza mechi nyingi kiasi hicho kwa mfululizo ndani ya msimu mmoja. Watu waliojaa uwanja wao, Little Caesars Arena, walijibu kwa maneno mawili, "Uza timu!", wakimlenga mmiliki Tom Gores na ofisi nzima iliyofanya kazi kwa jina lake. Siku mbili baadaye kikaja kipigo cha 28 mjini Boston, baada ya muda wa nyongeza, na mkosi ukakatika tarehe 30 dhidi ya Toronto.

Msimu ule ulimalizika kwa ushindi 14 na vipigo 68. Msimu uliofuata timu hiyo hiyo ilishinda mechi 44 na kuingia katika mtoano. Tangu hapo imezoeleka kusema kwamba mashabiki wa Detroit walitawaliwa na hasira tu, kwa kuwa vijana walewale waliokuwa wakifungwa kila usiku ndio waliokuja kushinda, na kwa hiyo subira ilikuwa jibu tangu mwanzo. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake na inastahili kusikilizwa. Tatizo lake ni kwamba inamfanya shabiki aonekane mtu asiyeujua mchezo, ilhali yaliyofuata yanaonyesha kwamba aliisoma timu vizuri kuliko waliolipwa kuisoma.

Troy Weaver aliteuliwa kuwa meneja mkuu wa Pistons mwezi Juni 2020, akitokea timu ya Oklahoma City. Alikuta timu isiyo na kijana hata mmoja wa kuijengea mustakabali, tena ikiwa imebeba mshahara mkubwa wa Blake Griffin, ambaye mwili wake ulikuwa umeshachoka kwa majeraha. Kupitia drafti, zoezi la kila mwaka ambalo timu huchagua kwa zamu wachezaji wapya, alimpata Isaiah Stewart kwa nafasi ya 16 mwaka 2020, Cunningham kwa nafasi ya kwanza mwaka 2021, Jaden Ivey kwa nafasi ya 5 na Jalen Duren kwa nafasi ya 13 mwaka 2022, kisha Ausar Thompson kwa nafasi ya 5 mwaka 2023. Hao watano ndio waliokuwa kiini cha timu iliyoshinda mechi 44, na Trajan Langdon, aliyekuja kushika usukani baada yake, hakumchagua hata mmoja wao. Majeraha nayo hayakumhurumia Weaver. Msimu wa 2022-23 Cunningham alicheza mechi 12 tu kabla ya kufanyiwa upasuaji wa muundi, na msimu uliofuata Bojan Bogdanović, mfungaji wao mzoefu, alikosa wiki nyingi za mwanzo. Weaver angeweza kusema, bila kudanganya, kwamba hakuwahi kuiona timu aliyoipanga ikicheza ikiwa kamili.

Hayo yote ni kweli. Lakini tuhuma ya kukosa subira haisimami mbele ya hesabu za misimu yake minne: ushindi 20, kisha 23, kisha 17, kisha 14. Kwa jumla ni ushindi 74 na vipigo 244. Mashabiki walioahidiwa kwamba timu inajengwa upya, wakakubali, kisha baada ya mwaka wa pili wakaona kila jengo jipya likiwa fupi kuliko lililotangulia, walikuwa na haki ya kuuliza maswali. Isitoshe, si wao walioanza kuharakisha mambo. Katika kiangazi cha 2023 ni uongozi wenyewe uliomwajiri kocha Monty Williams kwa mkataba wa miaka sita ulioripotiwa kuwa na thamani ya dola milioni 78.5, mkubwa kuliko wa kocha yeyote wa NBA wakati huo. Klabu inayolipa kiasi hicho imekwisha kuwatangazia watu wake kwamba wakati wa kushindana umefika, na haiwezi kurudi Desemba kuwaomba waendelee kusubiri.

Kuna na suala la drafti, ambalo watetezi wa subira hupenda kulitaja: timu inayofungwa sana hupata wachezaji bora mwakani, basi vipigo vina faida. Hesabu hiyo ilikuwa na nguvu zamani. Kwa kanuni zilizoanza mwaka 2019 timu tatu za mwisho zililingana katika bahati nasibu ya kupanga zamu za kuchagua, kila moja ikiwa na asilimia 14 ya kupata nafasi ya kwanza, na timu ya mwisho kabisa iliweza kuporomoka hadi nafasi ya 5. Pistons walikuwa wa mwisho mwaka 2023, mwaka ambao kijana wa Kifaransa Victor Wembanyama alikuwa akisubiriwa na dunia nzima, wakaangukia nafasi ya 5. Walikuwa wa mwisho tena mwaka 2024, na nafasi ya 5 ikawaangukia tena. Kupoteza mechi 68 badala ya 58 hakukuwanunulia chochote.

Lakini hoja nzito zaidi ya mashabiki ilihusu kilichokuwa kikitokea uwanjani. Tazama shambulizi moja la kawaida la majira yale. Cunningham anapokea mpira juu ya mstari wa pointi tatu, Duren anakuja kumwekea kizuizi, mabeki wawili wanamfuata Cunningham, na wa tatu anamwacha Thompson peke yake kwenye kona ili akazibe njia ya kuelekea kikapuni. Beki huyo hana wasiwasi, kwa sababu Thompson, pamoja na vipaji vyake vingi, msimu ule aliingiza asilimia 18.6 tu ya mitupo yake ya pointi tatu. Cunningham anabaki na chaguo mbili mbaya: kujitosa katikati ya watu watatu, au kumpa mpira mtu ambaye wapinzani wanamwombea atupe. Kijana mwenye kipaji cha pekee aliwekwa kucheza ndani ya chumba kilichojaa watu, na aliyenunua tiketi ya bei ya chini kabisa, akiwa juu kabisa karibu na paa, aliliona hilo vizuri zaidi kuliko wote kwa kuwa kutoka pale uwanja mzima unaonekana. Juu ya hayo Williams alianza msimu akimtanguliza Killian Hayes mbele ya Ivey, na mara kwa mara aliwapanga wachezaji watano wa benchi kwa pamoja huku pointi walizokuwa wakiongoza nazo zikiyeyuka. Malalamiko ya mashabiki yalikuwa hayo hasa: hatuna watupaji, na mpangilio wa kocha unawaumiza vijana.

Hapo ndipo safari ya kutoka ushindi 14 hadi 44 inapopata uzito wake. Hakuna timu nyingine katika historia ya NBA iliyowahi kuongeza ushindi wake mara tatu kutoka msimu mmoja kamili hadi mwingine, na jambo la kushangaza zaidi ni udogo wa kilichobadilishwa. Malik Beasley alisajiliwa kwa mwaka mmoja na dola milioni 6, akaingiza mitupo 319 ya pointi tatu, mmoja pungufu ya Anthony Edwards aliyeongoza ligi nzima. Tim Hardaway Jr. alitoka Dallas, na Dallas ndiyo iliyoongeza juu yake chaguzi tatu za raundi ya pili ya drafti ili impate Quentin Grimes wa Pistons. Tobias Harris ndiye aliyekuwa ghali, dola milioni 52 kwa miaka miwili. Kocha J.B. Bickerstaff alikuwa ndio kwanza amefutwa kazi na Cleveland. Hakuna aliyefichwa kati ya watu hawa. Watupaji wa aina hiyo hupatikana karibu kila kiangazi, na bei yao kwa kawaida inavumilika.

Mtetezi wa uongozi wa zamani atajibu kwamba vijana walikua tu, na mwaka mmoja kwa kijana wa miaka 22 ni mrefu. Basi tumwangalie Cunningham mwenyewe. Katika msimu wa vipigo 68 alikuwa na wastani wa pointi 22.7 na asisti, yaani pasi za kufungia, 7.5 kwa mechi. Msimu uliofuata ulikuwa wa pointi 26.1 na asisti 9.1, akaingia katika mechi ya nyota na katika kikosi cha tatu cha wachezaji bora wa ligi. Amekua, hilo halina ubishi. Lakini pointi tatu na nusu na asisti moja na nusu haziwezi peke yake kuzaa ushindi 30 wa ziada. Kilichoongezeka zaidi ni nafasi ya kupumulia: Beasley akisimama pembeni, beki wake hathubutu kumwacha, na ile njia ya kikapuni iliyokuwa imezibwa inafunguka. Wala afya haikuwa siri ya mafanikio, kwa sababu Ivey alivunjika mguu siku ya mwaka mpya wa 2025 akiwa amecheza mechi 30 tu, na timu ikaendelea kushinda bila yeye.

Kwa haki, Grimes aliyetumika kumpata Hardaway alikuwa amekuja Detroit kwa biashara ya Weaver, alipompeleka Bogdanović New York mwezi Februari 2024. Lakini biashara hiyo yenyewe ilichelewa. Bogdanović alikuwa na thamani kubwa mwaka mmoja kabla, katika msimu aliofunga wastani wa pointi 21.6 ndani ya timu isiyo na la kugombea, na ofisi ikamng'ang'ania. Alipouzwa hatimaye alikuwa na miaka 34 na ametoka kuuguza jeraha.

Ambapo mashabiki walikosea, na nasema hili nikiwaonea huruma, ni kwa Killian Hayes. Alichaguliwa wa 7 mwaka 2020 na Tyrese Haliburton, aliyekuja kuwa nyota kwingine, akaenda wa 12, na kwa zaidi ya miaka mitatu Hayes alibeba ulinganisho ambao hakuuomba, hadi alipoachwa Februari 2024. Sisi wasomaji wa Kiswahili tunayajua maumivu haya kupitia Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, aliyechaguliwa wa pili na Memphis mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Hadi leo jina lake hutajwa kama kosa, kana kwamba alijichagua mwenyewe. Kijana anapotajwa mapema kuliko uwezo wake, na kupewa muda mfupi wa kukomaa, anayepaswa kuulizwa ni aliyelisoma jina lake na aliyepewa kazi ya kumlea.

Lipo pia jambo ambalo msomaji aliyezoea soka anaweza kulipita haraka. Katika soka, Dar es Salaam, Nairobi au London, timu yenye rekodi kama ile inashuka daraja, na aibu hiyo inagusa mfuko wa mwenye timu. NBA haina daraja la kushukia. Timu ni 30, mapato ya televisheni hugawanywa, na thamani ya klabu hupanda hata ikiwa mkiani. Gores aliinunua Pistons mwaka 2011 kwa takriban dola milioni 325. Kufikia majira ya vile vipigo 28 ilikuwa ikikadiriwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 3, ingawa katika miaka yote hiyo ilikuwa imeingia kwenye mtoano mara mbili tu, 2016 na 2019, bila kushinda mechi hata moja. Katika mfumo wa namna hiyo adhabu pekee inayobaki ni sauti ya watu na viti vitupu. Kuwaambia mashabiki wanyamaze ni kuiondoa adhabu ya mwisho iliyosalia.

Ni kweli kwamba walichokidai hakikutokea. Gores alikataa kuuza, na timu ikainuka ikiwa mikononi mwake. Lakini umati wa watu hauwezi kuimba kwamba timu itafute mtupaji wa pembeni na kocha abadilishe mpangilio wa benchi. Unaimba maneno mawili yanayomfikia mwenye uamuzi, na maana yake ni kwamba hali hii haikubaliki tena. Gores aliielewa maana hiyo, kwa kuchelewa. Mwishoni mwa Mei 2024 alimleta Langdon, Weaver akaondoka, na mwezi Juni Williams akafutwa kazi ingawa bado alikuwa akidai zaidi ya dola milioni 65, uamuzi mgumu ambao mmiliki huyo anastahili kusifiwa kwa kuufanya.

Hata hivyo, miezi mitano ilipita kati ya usiku ule wa Nets na ujio wa Langdon, na ndani yake kulikuwa na Februari, mwezi wa mwisho wa kubadilishana wachezaji, ambao kazi yake yote iliachwa kwa ofisi iliyokuwa imekwisha kupoteza imani ya mji. Kila biashara ya mwezi ule ilifanywa na watu ambao hawakuwepo tena kuisimamia msimu ulipoanza. Gharama hiyo haionekani katika hesabu za ushindi 44, na ndiyo sababu wanaosifu subira huisahau kwa urahisi.